Ngazi za pembeni za pikapu zinapogoma: dalili na vyanzo vyake

Kwa macho, kufunga ngazi za pembeni, au saidi stepu kama wengi wanavyoziita, ni kazi ya spana mbili na asubuhi moja. Kisha unafika breketi ya tatu (breketi ni kile kishikio cha chuma kinachobeba ngazi), tundu halikutani na tundu, na mkono unaanza kutafuta nyundo. Iache nyundo. Kwenye kazi hii kosa mara chache hukaa pale linapoonekana. Breketi ya nyuma inakataa kwa sababu ya mbele ilikazwa mapema. Kelele inasikika karibu na dereva huku bolti iliyolegea iko nyuma kabisa. Kutu inachuruzika chini ya ngazi, kumbe maji yaliingilia juu. Ndiyo maana hapa tunaanza na unachokiona au kukisikia, halafu tunarudi nyuma hadi kwenye chanzo.

Kwanza, ngazi yako imeshikwa na nini?

Ingia chini ya gari na tochi kabla ya kulegeza chochote. Pikapu nyingi zimejengwa kabini mbali na chesi, yaani fremu ya chuma ya chini, mbali. Kabini imekalia mipira, na gari likipita shimoni kabini inacheza kivyake na chesi inajipinda kivyake. Ngazi hufungwa ama kwenye kabini, katika matundu yenye nati yaliyoachwa na kiwanda ndani ya ukingo ulio chini ya milango, ama kwenye chesi kwa breketi ndefu zaidi. Njia zote mbili ni nzuri. Kisichofaa ni ngazi moja kushikwa mbele na chesi, nyuma na kabini, au fundi kuongeza kipande cha bati kinachounganisha vyote viwili "ili isinese", wakati kifaa chenyewe hakikuundwa hivyo. Ngazi ya namna hiyo itapiga kelele, italegea, na mwishowe itapasua bati la kabini hata uikaze namna gani. Ukikikuta kipande hicho, usihangaike na dalili nyingine yoyote; kitoe kwanza.

Matundu hayakutani

Sababu kuu ni kukaza mapema. Mtu anafunga breketi ya mbele, anaikaza hadi mwisho kwa kuwa spana iko mkononi, anafanya hivyo kwa ya kati, halafu ya mwisho inakosa tundu kwa milimita nne au tano. Matundu ya breketi huwa marefu kidogo kwa makusudi, ili kila breketi isogee mbele na nyuma mpaka zote zikubaliane. Ukishakaza moja, umeziamulia zote.

Legeza kila kitu upande ule. Bolti zote ziingie kwa vidole, zibaki na mchezo wa kutosha kiasi kwamba ukiitikisa breketi inacheza. Pandisha ngazi juu yake, ingiza bolti zote za ngazi, hizo nazo kwa vidole. Mtu wa pili ashike upande mmoja. Kuishikilia ngazi kwa goti huku unatafuta tundu ndiko kunakokwaruza rangi ya mlango. Ngazi ikishakaa unavyotaka, kaza breketi kwenye gari, kisha ngazi kwenye breketi, isipokuwa karatasi ya kifaa iwe imetoa utaratibu mwingine.

Kama zote zimelegezwa na tundu bado linakosa kwa upana wa kidole, shida si mkao tena. Angalia kifaa chenyewe. Ngazi ya singo kabini, ya kabini ndefu kidogo na ya dabo kabini hazibadilishani, na gari la jina lilelile likibadilishwa umbo na kiwanda matundu nayo huhama. Soma namba ya kifaa kwenye boksi, usitegemee picha.

Halafu kuna mtego wa karatasi ya maelekezo. Nyingi zimeandikwa kwa magari ya usukani wa kushoto. Zinaposema "upande wa dereva" zinamaanisha kushoto kwa gari, kwa mtu aliyekaa ndani akitazama mbele. Ukiwa na gari la usukani wa kulia na ukasoma maneno hayo kama yalivyo, utafunga breketi zote upande usio wake. Za kushoto na kulia hufanana kama mapacha, tofauti ikiwa ni pembe ndogo tu ya mkunjo, na kwa bahati mbaya bolti ya kwanza huwa inaingia bila ubishi. Panga breketi zote chini sakafuni, kila moja mbele ya tundu lake, kabla hujafunga hata moja. Na kwenye usukani wa kulia angalia pia kama ekzosi, tangi au mabomba hayakupita tofauti na mchoro.

Chanzo cha tatu ni gari lililowahi kugongwa. Pima kutoka tundu la kwanza hadi la mwisho upande wa kulia, kisha kushoto. Vipimo vikitofautiana, ukingo au chesi imejikunja, na hakuna breketi itakayoficha hilo.

Ukibaki na milimita moja au mbili tu, panua tundu la breketi kwa tupa ya mviringo, kisha paka rangi kwenye chuma kilichobaki wazi na uweke washa pana, kile kipete bapa cha chuma kinachokaa chini ya kichwa cha bolti. Usitoboe chesi. Mbavu zake za juu na chini ndizo zinazobeba mvuto na mgandamizo mkubwa, na tundu jipya pale ni mwanzo wa ufa. Tena nyuma ya bati unalotaka kutoboa mara nyingi hupita bomba la breki au la mafuta. Kama kifaa kinakutaka utoboe chesi ya gari ambalo tayari lina matundu ya kiwanda, kirudishe ulikokinunua.

Bolti inaingia kidogo kisha inagoma

Hapa ndipo matundu mengi ya kiwanda yanapofia. Tundu limekaa miaka kadhaa likiwa na kizibo cha mpira, utepe, au limejaa nta ya kuzuia kutu iliyopuliziwa chini ya gari, pamoja na tope lililokauka. Bolti inazunguka mara mbili, inakuwa ngumu, na mtu anachukua racheti ndefu.

Rudisha mkono. Tundu safi hupokea bolti kwa vidole viwili, kwa mizunguko minne au mitano, bila kubishana. Isipokuwa hivyo, itoe na uangalie ncha yake. Ukiona nta nyeusi au vumbi limeganda kwenye mifereji ya thredi (meno ya bolti), ni uchafu: pulizia mafuta ya kulegeza kutu, subiri, pitisha brashi ndogo ya waya, halafu pitisha tapu ya kusafishia (kifaa chenye meno kama ya bolti) ya saizi ileile kwa mkono, nusu mzunguko mbele na robo nyuma. Ukiona mikwaruzo inayong'aa inayokatiza mshazari juu ya meno, bolti ilikuwa imeingia upande. Anza upya: iweke tunduni, izungushe kwanza kinyume, kama unafungua, mpaka usikie kale kamlio ka jino kuangukia mahali pake, ndipo uzungushe kukaza.

Kama ncha ni safi na bolti bado inasimama mzunguko wa pili au wa tatu, thredi si moja. Magari mengi ya Kijapani hutumia bolti za M10 na M12 (unene wa milimita 10 na 12) zenye nafasi ya milimita 1.25 kati ya jino na jino, wakati bolti ya kawaida ni 1.5 kwa M10 na 1.75 kwa M12. Kwa macho huwezi kuzitofautisha kwa urahisi. Chukua bolti unayojua ni ya gari lile, ilaze pembeni ya bolti ya kifaa, meno kwa meno, uziangalie kwenye mwanga. Zikilaliana bila mwanya, ni thredi moja. Zikipishana, tafuta bolti sahihi, na usidanganyike na ile iliyoingia nusu kwa nguvu. Hiyo imekwisha kula thredi, na itachomoka siku mtu mzito atakapoikanyaga.

Bolti za stenlesi zina ugonjwa wao. Ukizikaza haraka kwa mashine zikiwa kavu, meno yanashikana na kuganda hapohapo, bolti haiendi mbele wala hairudi. Tiba iliyobaki ni kuikata. Zipake grisi ya kuzuia kushikana, zikazwe kwa mkono taratibu, na kumbuka kwamba bolti iliyopakwa grisi inahitaji nguvu pungufu kuliko iliyo kavu.

Nati inazunguka ndani ya ukingo, au bamba limeangukia ndani

Nati ya kiwanda imechomelewa nyuma ya bati jembamba. Uchomeleaji ukiachia, nati na bolti vinazunguka pamoja na unaweza kukaza hadi jioni. Bila ya kuivuta bolti haitatoka: ingiza bisibisi bapa kati ya breketi na bati, bana breketi nje huku ukifungua, ili nati ivutwe na kusuguana na bati. Ikishindikana kata kichwa cha bolti. Kisha tumia bamba lenye nati yake, liingizwe kupitia tundu kubwa lililo jirani.

Bamba la namna hiyo ndilo hupenda kuangukia ndani. Lifunge kwa waya mwembamba kabla ya kuliingiza, waya utokee kwenye tundu la bolti, na uutoe tu baada ya nati kushika. Likishaanguka, lisake kwa sumaku ya fimbo. Usiliache humo, maana litagonga kila ukifunga breki.

Ngazi imeinama, au iko chini zaidi upande mmoja

Usipime kwa kutazama ardhi, kwani pikapu yenyewe mara nyingi imeinuka nyuma. Pima kutoka kwenye ukingo wa chini wa mlango hadi juu ya ngazi, mbele na nyuma, kisha linganisha na upande wa pili. Tofauti ndogo hurekebishwa kwa kulegeza na kusogeza. Ikiwa katikati iko sawa na ncha zote mbili zimekwenda tofauti, breketi ya mbele na ya nyuma zimebadilishana nafasi. Na ikiwa kikanyagio kinatazama nje kiasi kwamba maji yanateremka, mara nyingi washa imewekwa kati ya breketi na gari badala ya chini ya kichwa cha bolti. Utaratibu wake ni washa bapa igusane na breketi, ya springi iwe juu yake, karibu na kichwa au nati.

Inanesa au inazunguka ukiikanyaga

Kunesa kidogo ni kawaida kwa ngazi ndefu ya bomba. Kushuka na kubaki chini si kawaida. Fanya hesabu ndogo uone bolti inabeba nini. Mtu wa kilo 100 akikanyaga sentimita 25 nje ya mahali breketi iliposhika, anapinda breketi kwa takriban Nm 250 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kupinda au kuzungusha). Bolti mbili zikiwa zimeachana sentimita 5 kwenda juu, ile ya juu inavutwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa nusu tani. Akiruka kutoka kwenye sanduku la nyuma na kutua hapo, zidisha. Kwa hiyo breketi yenye bolti moja tu kati ya mbili, kwa kuwa "ya pili ilikataa", haijafungwa.

Angalia kama breketi zote zipo. Dabo kabini nyingi huwa na tatu kila upande, na wapo wanaoiacha ya kati kwa sababu bomba fulani limeziba njia. Kisha angalia ukazaji. Karatasi ya kifaa ndiyo ya kufuata. Ikiwa imepotea, bolti kavu za daraja 8.8 (daraja la uimara wa bolti) hukazwa takriban Nm 25 kwa M8, Nm 50 kwa M10 na Nm 85 kwa M12. Nati zilizochomelewa kwenye bati jembamba, na hasa nati za riveti, hazifiki huko: ukizilazimisha zinang'oka.

Ikiwa ilikazwa sawasawa na imelegea baada ya wiki chache, mtuhumiwa ni rangi. Breketi iliyopakwa rangi nene, ikibanwa, rangi hulala na kupungua unene, na bolti inabaki haina mvuto ingawa haijazunguka hata kidogo. Dawa ni kurudia kukaza baada ya kilomita mia chache za mwanzo, kisha kuangalia kila unapobadilisha oili. Weka alama ya rangi nyeupe kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye breketi. Mstari ukikatika, bolti imezunguka. Mstari ukiwa mzima na ngazi inacheza, ni ile habari ya rangi.

Kelele

Kelele zina lugha zake. Mlio wa kugonga kwenye barabara mbovu ni kitu kilicholegea. Mlio wa kukwaruza unaotokea gari likipanda tuta upande upande, gurudumu moja juu, ni chuma kinachogusa chuma kabini na chesi zinapoachana. Mtetemo unaokuja kwa mwendo fulani tu wa injini, hata gari likiwa limesimama, ni breketi au ngao ya joto iliyogusana na ekzosi. Filimbi inayoanza ukishika kasi ni upepo kwenye bomba.

Filimbi ndiyo nyepesi: kizibo cha mwisho wa bomba kimetoka, au kuna tundu la bolti lisilotumika. Ziba kwa kizibo cha mpira, lakini usizibe tundu dogo la chini kabisa, hilo ni la kutolea maji.

Kwa kugonga, gari likiwa limezimwa, piga ngazi kwa ngumi kutoka mbele kwenda nyuma huku kiganja cha mkono wa pili kimeshika breketi moja baada ya nyingine. Kiganja kitaisikia bolti iliyolegea kabla ya sikio. Usisahau nyaya na mabomba yaliyosogezwa wakati wa kufunga. Kishikio kimoja cha plastiki kisichorudishwa kinatosha kukuchosha mwezi mzima.

Kukwaruza kunahitaji ushahidi. Paka chaki pande zote unazozishuku, endesha polepole juu ya tuta kwa pembe, kisha rudi chini na tochi. Chaki iliyofutika inaonyesha mahali. Kati ya ngazi ya chesi na bati la kabini acha nafasi ya kupitisha kidole angalau. Mpira uliobandikwa hapo hunyamazisha kelele kwa muda tu, kisha hushika mchanga na kuwa msasa.

Kwa ekzosi usifanye mzaha: breketi iliyoigusa inapata moto na kuupeleka kwenye rangi, mpira na nyaya zilizo jirani. Isogeze.

Mlango unagusa, tairi linagusa, chini panakwaruza

Mlango ukigusa, ngazi iko juu mno au imeingizwa ndani mno, legeza ushushe. Jaribu milango yote, ukianza kuifungua taratibu, kabla hujakaza kwa mara ya mwisho. Tairi la mbele likigusa kwenye kona kali, aidha ngazi imesogea mbele kuliko inavyotakiwa au tairi si la saizi ya kiwanda. Ngazi ikikwaruza ardhi kila mara, kubali kwamba ngazi ya kushuka chini haifai kwa njia zako; ukazaji hauwezi kuibadilisha. Wala usiiwekee jeki. Ngazi ya kukanyagia haikuundwa kubeba gari. Ile nene inayochomelewa au kufungwa kwenye chesi kwa ajili ya miamba ni kifaa kingine kabisa.

Kutu ndani ya muda mfupi

Angalia matatu. Mikwaruzo ya spana karibu na bolti: ipake rangi siku hiyohiyo. Matundu ya kutolea maji yaliyozibwa na tope: bomba linajaa na kuoza kutoka ndani, na utakapoona lengelenge kwenye rangi, bati limekwisha. La tatu ni metali mbili tofauti kukutana mahali penye unyevu. Alumini na chuma zikigusana zikiwa zimelowa, alumini ndiyo inayoliwa, na hutoa unga mweupe. Hili lina uzito zaidi kwenye pikapu zenye kabini ya alumini, kama Ford F-150 kuanzia toleo la 2015: tumia bolti na washa zilizokuja na kifaa cha gari hilo, zenye rangi au mpako wa kutenganisha, usichanganye na za kwenye kopo la bolti za zamani.

Ngazi za umeme hazishuki

Zikigoma pande zote mbili, anza na fyuzi kuu na waya wa athi, ule unaofungwa kwenye chuma cha gari. Athi iliyofungwa juu ya rangi ni chanzo cha kawaida, kwangua hadi chuma king'ae. Ukigoma upande mmoja, kagua soketi ya mota na bawaba, kwani tope kavu kwenye bawaba huifanya kompyuta idhani kuna mguu wa mtu katikati na kurudisha ngazi. Ikigoma kwa mlango mmoja tu, mota ni nzima. Fuata waya au sensa ya mlango huo.

Ufa

Ukiona mstari wa kutu mwembamba kama unywele ukitoka kwenye pembe ya tundu la breketi, ni ufa. Toa breketi hiyo leo, ngazi isikanyagwe. Usiichomelee ikiwa bado iko kwenye gari. Juu yake kuna nyaya na jirani kuna mafuta, na breketi ya kiwanda hukunjwa kwa bati ambalo uchomeleaji wa haraka hulidhoofisha pembeni ya mshono. Nunua breketi nyingine, na kabla ya kuifunga kagua ya upande wa pili mahali hapohapo, kisha bati la kabini au chesi ilipokuwa imeshika. Kama nako kumepasuka, rudi kwenye swali la mwanzo: huenda ngazi imeshikwa kotekote, kabini na chesi.